Nusu Kikombe cha Mwenye Karasha

Kikombe chake alikijaza nusu. Ukifika kwake asubuhi, wewe ulipewa chai iliyofika ukingoni mpaka ukaogopa kuinua, na yeye alijimiminia nusu, akainywa, kisha akajimiminia nusu nyingine. Mwaka wa kwanza nilidhani ndiyo adabu ya kwao. Mwaka wa pili nilidhani ni ubahili, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa kuwa ni bahili. Mwaka wa tatu nilimkuta akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mikono ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa, na homa hakuwa nayo. Hapo nikaelewa kuwa kikombe kikijaa kitamwagika kabla ya kufika mdomoni.

Nilikuwa afisa mifugo wa kata, Wilaya ya Misungwi. Nilipanga chumba Usagara, na kwa miaka kumi na moja nilipita kwake kila nilipopeleka chanjo katika bonde lile. Kule afisa mifugo hana jina, anaitwa Bwana mifugo. Naye hakuwa na jina. Kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi watoto wa shule, wote walimwita mwenye karasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Yake ilikuwa imekufa zamani, inaota kutu nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani ya pipa lake, lakini jina lilibaki. Alikozaliwa na ukoo wake sitaviandika. Akiulizwa alijibu, "Mimi mtu wa ziwani," akanyoosha mkono upande wa Mara kama anayefukuza nzi, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Niseme mapema alichokuwa anakitaka, maana mengine yote yalitoka hapo. Chini ya nyumba yake palipita kijito kinachoelekea ziwani. Wakati wa rashi ya dhahabu, watu walipomiminika bondeni kuchimba, wengi waliosha mchanga wao hapo, na yeye alikuwa wa kwanza. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, vyura wakanyamaza, na ng'ombe wa jirani yake wakafa. Dhahabu ilipokwisha, wachimbaji walihama, wakaacha maduara, yaani mashimo yao, wazi bonde zima. Yeye hakuhama. Alitaka kuona ng'ombe wa yule jirani wakinywa tena pale, kabla hajafa. Ng'ombe wa mtu mwingine hawakumtosha. Alitaka wa yule jirani.

Mwenye karasha nilimwona mara ya kwanza siku ng'ombe alipotumbukia kwenye duara. Lilikuwa moja ya yale mafupi, kina chake kama watu wawili waliosimamiana mabegani. Nilikuta wanaume wamefunga kamba kwenye pembe wanavuta, na mnyama anakoroma. Akaja mwanamke mrefu mwembamba, amevaa buti za mpira na kitenge, mkononi fimbo yenye alama za kisu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiwe Bwana mifugo mpya? Mbona umekuja na viatu vya harusi?" Hakungoja jibu. Akawageukia wenye kamba. "Mtamvunja shingo, halafu mle nyama mseme ni bahati mbaya. Nawajua."

Aliteremsha fimbo shimoni, akatazama alama. "Huyu hatoki kwa kuvutwa. Anatoka kwa kufukiwa."

"Afukiwe mzima mzima?" mmoja akauliza.

"Mtupie udongo miguuni, kidogo kidogo. Ng'ombe si mjinga kama wewe. Udongo ukipanda, na yeye atapanda."

Tulichukua majembe. Kila udongo ulipomfika ng'ombe kwenye kwato alijikung'uta, akainua mguu, akakanyaga juu yake. Tulitupa, akakanyaga. Wengine walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka wakatupa haraka zaidi. Alasiri yule ng'ombe alitoka mwenyewe kwa miguu yake, akaanza kula majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati huo duara lilikuwa limejaa.

"Mmeona?" alisema, akijifuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Mmefukia shimo na hamkuombwa."

Mwenye ng'ombe alikuwa yule jirani, mzee mfupi wa Kisukuma asiyetengana na kofia yake ya pama. Alimshika mnyama wake, akanishukuru mimi, akawashukuru wenye majembe mmoja mmoja. Lakini mbele ya mwenye karasha alipita kama anavyopita mti. Nilipomfuata mzee kumuuliza, alisema bila kupandisha sauti, "Huyo aliniulia ng'ombe saba, Bwana mifugo. Amenirudishia mmoja. Akimaliza, tutasalimiana."

Walikaa hivyo miaka yote, nyumba zao zikitazamana ng'ambo na ng'ambo ya kijito. Nilimwambia mwenye karasha zaidi ya mara moja kwamba aende tu akaombe msamaha. Alikuwa mtu wa kanisa, alijua maneno ya kuungama. Mara ya mwisho nilipomwambia alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua, kisha akasema, "Samahani inanyweka?"

Hilo ndilo nililoshindwa kulizoea kwake. Alikuwa tayari kuhamisha bonde zima kwa koleo, lakini si kuvuka hatua hamsini kwenda kusema neno moja. Nami sitamtetea. Mbuzi wa watu wakiingia kwenye miche yake aliwafunga siku nzima bila maji, na mwenye mbuzi akija alitukanwa kwanza ndipo akafunguliwa. Sukari aliifungia kwenye sanduku. Kanisani aliingia na buti zake za mpira, na katekista alipomsihi avae viatu, alimwambia Bwana Yesu alizaliwa zizini, buti hazitamshangaza. Alikuwa na jino moja la dhahabu upande wa kushoto, na kila alipowahubiria vijana kwamba dhahabu ni laana, lilimetameta.

"Na hilo jino, mayu?" wakamuuliza, yaani mama kwa Kisukuma.

"Hili ni ushahidi," akajibu.

Alikuwa na msemo aliourudia kwa kila mgeni: "Tunachoosha huku kinaliwa Mwanza." Alimaanisha samaki. Zebaki inateremka na kijito, inafika ziwani, samaki anaila, na samaki anapandishwa sokoni. Alilieleza hilo vizuri kuliko baadhi ya wataalamu niliowahi kuwasikiliza. Lakini akisikia ninakwenda mjini alinituma sato wa soko la Mkuyuni, mbichi, mwenye macho yanayong'aa. Nilimkumbusha msemo wake. "Sasa nife na nini," akasema, "na njaa?"

Habari ya zebaki alinisimulia kwa mkato, siku ya mvua, tumekaa jikoni. Ukishasaga jiwe na kuosha, unatia zebaki, inashikana na dhahabu kama kidonge. Kidonge unakichoma, zebaki inaondoka kwa moshi, dhahabu inabaki. "Mimi nilichomea kwenye kijiko," alisema, "juu ya jiko hilihili la ugali. Moshi ukipanda tulifurahi. Mume wangu alikuwa anainama kabisa kuangalia." Mume wake alikufa mapema. Yeye alibaki na mikono ile. Alijimiminia nusu kikombe, akabadilisha maneno tukaanza kuzungumzia kupe.

Kazi yenyewe ya kukisafisha kijito ilikuwa ya taratibu, na hakupenda mtu aiharakishe. Maduara mafupi yalifukiwa kwa udongo wao wenyewe uliorundikwa pembeni. Shida ilikuwa marudio, ule mchanga laini uliokwisha kuoshwa, uliolala kwenye vilima vya kijivu ukingoni mwa kijito. Ndani yake ndimo ilimobaki zebaki, na kila mvua iliporomosha kiasi majini. Mwanzoni yeye na wanawake wachache waliomsaidia walifukia mashimo kwa marudio hayo, kwa kuwa ni laini na hayachoshi mkono. Masika yaliyofuata mashimo mawili ya bondeni yalijaa maji, yakafurika, kijito kikarudia rangi yake ya zamani. Alikaa siku mbili hajatoka nje. Siku ya tatu alitoka na fimbo yake, akaanza kuyafukua.

Ndipo akakumbuka vichuguu. Wasukuma husiliba sakafu na maghala kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa ukishindiliwa haupitishi maji. Alichagua shimo moja kubwa la juu, mbali na kijito, pana kama uwanja wa mpira wa watoto, lililochimbwa na tingatinga wakati wa rashi, na lenye njia ya kuteremkia. Akataka chini na ubavuni kulazwe udongo wa kichuguu, kisha ndani yake ndipo yawekwe marudio yote ya bonde, na juu yafunikwe kwa udongo huohuo. Lakini ni nani wa kushindilia eneo lote hilo?

Alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akaomba kwato. Wafugaji walicheka. Aliwaacha wamalize, kisha akawawekea sharti lake. Eneo la maduara yaliyokwisha kufukiwa lifungwe, lisilishwe masika yote, majani yaote. Kiangazi kikikaza, walioleta ng'ombe kukanyaga udongo wake ndio watakaofunguliwa. Hilo si jambo geni usukumani. Ni ngitili, malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, na kila mzee pale alikua akiyaona. Ila hapana aliyewahi kusikia ngitili ya mashimo ya dhahabu.

"Na wewe ng'ombe huna hata mmoja," mfugaji mmoja akasema. "Majani utakula wewe?"

"Nikila wewe utakosa nini? Lete ng'ombe."

Walileta. Asubuhi tatu mfululizo wanawake walimwagia maji udongo, na makundi yakateremshwa shimoni, yakazungushwa, yakapandishwa, mpaka chini pakawa pagumu kama sakafu ya darasa. Mimi nilisimama pale kama afisa, nikiangalia miguu isivunjike. Kundi la jirani lilikuja pia, limeongozwa na mkwe wake. Mwenyewe alibaki ng'ambo, kofia ya pama kichwani, akitazama ng'ombe wake wakitembea juu ya kazi ya yule mwanamke.

Marudio yote yalipokwisha kufukiwa humo, likaja jambo ambalo watu wasioyajua machimbo hawawezi kulitarajia. Wachimbaji hawaamini kuwa mtu anafukia shimo bure. Habari zilipowafikia kwamba mwenye karasha anafukia, anashindilia, tena anafunga eneo watu wasiingie, walipata maana moja tu: ameficha mali. Tukaanza kukuta maduara yamefukuliwa. Walifukua lililofukiwa siku ya yule ng'ombe, wakakuta mavi ya ng'ombe. Walifukua jingine. Kisha akatokea mnunuzi wa kutoka mjini, kijana mwenye adabu na miwani, akawaambia viongozi kwamba anayataka marudio yaliyo ndani ya lile shimo kubwa ayachenjue upya, kwa kuwa siku hizi kuna dawa ya kutoa hata kile kilichobaki. Kijiji kikagawanyika. Wapo waliosema ni riziki imejileta.

Mwenye karasha alimkaribisha yule kijana vizuri ajabu. Alimpa chai iliyofika ukingoni mwa kikombe. Alimpeleka mpaka juu ya shimo, akamwonyesha msalaba wa mti uliochomekwa katikati.

"Hapa amezikwa mtu?" kijana akauliza.

"Amezikwa," alisema. "Ukitaka kufukua, ruksa. Ila ukoo wake uko pale juu, kawaombe kwanza. Hawapendi wageni."

Kijana hakurudi. Asubuhi ya wiki iliyofuata kila duara lililofukiwa lilikuwa na msalaba wake, na kufukua kukakoma. Mgeni mmoja wa kutoka wilayani, tulipopita naye, alivua kofia akauliza ni ugonjwa gani ulioua watu wengi hivi. Katekista ndiye aliyeudhika. Alimwita mwenye karasha, akamuuliza mbele yangu aliyezikwa ni nani.

"Zebaki," akasema. "Imeua watu kuliko kichocho. Haistahili maziko?"

"Umesema uongo juu ya msalaba."

"Nitatubu," alisema. "Lakini misalaba ibaki."

Alitubu kweli, najua, maana alifanya usafi wa kanisa Jumamosi zote za Kwaresima ile. Na misalaba ilibaki.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kusubiri, jambo ambalo halikuwa na hadithi. Alipanda matete na migunga ukingoni. Alinisumbua nichukue maji kwenye chupa kila mwisho wa masika niyapeleke maabara Mwanza. Jibu la kwanza lilikuwa baya. La pili lilikuwa baya kidogo. Kila nilipomsomea aliuliza swali moja: "Na ng'ombe?" Nami nilijibu, "Bado, mama." Vyura walirudi mwaka nisioukumbuka. Aliniambia hivyo kwa simu, akaniwekea simu nje niwasikilize.

Kisha nilihamishiwa Magu, nikahamia Kisesa, na kwenda kwake kukawa kwa mwaka mara moja. Chupa alimpa Bwana mifugo aliyenirithi. Mwaka jana, masika yalipokwisha, yule mwenzangu alinipigia akasema majibu yametoka na mama anataka niyasome mimi, si mwingine.

Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, barazani. Miguu ilikuwa imevimba, buti zimewekwa kando yake kama mbwa wawili. Kile kitenge kilimzunguka mara mbili. Nilisoma. Maji yanafaa kwa mifugo. Kwa matumizi ya binadamu, bado, uchunguzi uendelee.

"Rudia hapo kwa mifugo."

Nikarudia.

"Kamwambie," alisema, na kidevu chake kikaelekea ng'ambo.

Nilivuka. Mzee alikuwa anatengeneza mlango wa zizi. Nilimsomea karatasi ileile. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupigilia msumari.

"Karatasi ni ya ofisini," akasema. "Ng'ombe hajui kusoma."

"Mzee, ni miaka mingi. Amefanya yote."

"Sijakataa." Aliweka nyundo chini. "Bwana mifugo, kwenu mtu akikukaribisha pombe, nani anaonja kwanza?"

"Mwenyeji."

"Basi."

Nilirudi na jibu hilo nikiwa na hasira, nikidhani ni ukatili kumdai hivyo mgonjwa. Yeye alicheka mpaka jino likaonekana. "Leo ndiyo ameanza kusema maneno ya maana," alisema. "Nipe buti."

"Mama, karatasi imesema kwa binadamu bado."

"Mimi nimeshakunywa yaliyo mabaya kuliko hayo. Nipe buti, na kikombe kile cha bati."

Tuliteremka taratibu, mimi nikimshika kiwiko. Kufika ukingoni, jirani alikuwa amekwisha simama upande wake, na nyuma yake ng'ombe wote, wamefungiwa njia na mkwe wake. Kijito kilikuwa chembamba, magotini tu, na chini mchanga ulionekana. Hawakusalimiana. Mwenye karasha alipiga magoti kwa shida, akachota. Akachota nusu, kama kawaida yake. Hata hiyo nusu ilikuwa inaruka. Ilipomkaribia mdomoni, nyingi ilikuwa imeishia kwenye kitenge.

Mzee alivuka. Alivuka na viatu vyake, maji yakamfika chini ya goti. Alimnyang'anya kikombe, akakitumbukiza, akakitoa kimejaa mpaka kinatiririka. Kisha akamshika kisogo kwa mkono mmoja kama anavyomnywesha ndama dawa, na kwa mkono wa pili akakishika kikombe imara mdomoni pake.

Akanywa. Mafunda mawili, matatu. Mzee akakitoa kikombe, akatazama kilichobaki, akakinywa mwenyewe.

"Jirani," alisema, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumsikia akimwambia, "maji yako hayana chumvi."

"Nami nimeona," akajibu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akitazama buti zake, "Wale saba."

"Walikuwa saba," mzee akasema.

Alipiga mluzi. Mkwe wake akaachia njia, na ng'ombe wakateremka wote kwa pamoja wakisukumana, wakainamisha vichwa. Hapakuwa na sauti nyingine ila ya kunywa. Yeye alikaa chini kwenye majani, miguu imenyooka mbele, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Nilifikiri atalia. Dakika chache baadaye dume mmoja alikanyaga matete, ukingo ukamegeka kidogo, maji yakachafuka.

"Watoe!" alipiga kelele. "Watoe basi, wananivunjia ukingo wangu!"

"Si ulitaka waje?" mzee akasema.

"Nilitaka wanywe! Nani kasema walale?"

Mzee alikuwa anacheka, kofia imeanguka majini inakwenda zake. Akaokota kikombe, akachota tena, kikajaa.